Tukutuku Imepinduka: Je, Kosa ni la Dereva Peke Yake?



Zamani wajumbe wa mashambani walipofika ofisini kwetu walileta malalamiko tuliyoyazoea: mshahara umechelewa, nyapara anatukana, mizani ya majani inapunja. Hayo bado yapo. Lakini siku hizi kuna habari nyingine isiyokosekana katika barua zenu, nayo ni kwamba tukutuku imepinduka. Imepinduka na mbolea, imepinduka na majani ya chai, imepinduka na watu juu yake. Na kila inapopinduka, kitabu cha ajali cha mwajiri huandikwa maneno yale yale: uzembe wa dereva. Basi, shauri limekwisha. Dereva anafutwa kazi, majeruhi wanapelekwa zahanati, na kesho yake kijana mwingine anapewa ufunguo.

Tukutuku tunayoizungumza ni ile pikipiki ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, yenye bodi ya kubebea mizigo na usukani wa kushika kwa mikono miwili kama wa pikipiki. Wenzetu wa Tanzania ile ya abiria huiita bajaji, na ya mizigo huiita guta. Hapa Uganda, katika mashamba ya chai na ya miwa, imechukua kazi nyingi zilizokuwa za trekta na tela: kupeleka mbolea, kuleta majani kiwandani, kubeba chakula cha wafanyakazi, na jioni kuwarudisha watu kambini.

Kabla hatujamsema mwajiri, yafaa tujiseme wenyewe. Katika shamba moja la chai upande wa magharibi, tukutuku iliyojaa magunia ya majani ilikuwa ikishuka kuelekea kiwandani wakati wa alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Juu ya magunia walikuwa wamekaa wachumaji, wengi wao akina mama, maana ilikuwa safari ya mwisho na hakuna aliyetaka kutembea. Barabara ile inateremka mpaka kwenye kidaraja, kisha inakata kushoto ghafla. Dereva aliingia kwenye kona, akaona mwendo umezidi, akakanyaga breki. Tukutuku ikainuka upande wa kushoto, ikalala upande wa kulia mtaroni. Mama mmoja alivunjika nyonga, mwingine mkono. Dereva mwenyewe alitoa mguu nje ili aizuie isianguke, na mguu ule ukabaki chini ya chuma.

Kamati ya ajali ilikaa siku ya tatu. Mwajiri alileta karatasi iliyokwisha kuandikwa, na wajumbe wa chama tulikuwapo. Hatukuuliza dereva alifundishwa na nani. Hatukuuliza mzigo ulikuwa kilo ngapi. Hatukuuliza kwa nini watu walikuwa juu ya magunia. Tuliulizwa kama dereva alikwenda mbio, tukasema ndiyo, alikwenda mbio. Tukatia sahihi. Kijana yule akaachishwa kazi akiwa bado na plasta mguuni. Makala hii tunaiandika kwa sababu ya sahihi ile.

Baadaye ndipo tulipoanza kuuliza. Tukaambiwa kwamba kijana yule alikuwa mwendesha bodaboda mjini, akaajiriwa siku ya Jumatatu kwa kuwa anajua pikipiki, na siku hiyo hiyo ya Jumatatu akaanza kubeba majani. Hakuna aliyemwonyesha lolote. Kila mtu, na sisi pia, alidhani kwamba anayejua magurudumu mawili atashindwaje na matatu?

Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Mmoja wetu hapa ofisini, mtu aliyepanda pikipiki ya chama kwa miaka mingi, aliomba kuijaribu tukutuku tupu katika uwanja wa kiwanda. Alipofika kwenye kona akauinamisha mwili wake na chombo kama alivyozoea. Pikipiki huinama nawe. Tukutuku haikuinama. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa michongoma, na wafanyakazi wa zamu ya mchana wakapata la kucheka mpaka saa ya kutoka. Sisi hatukucheka sana. Mikono ya mwendesha pikipiki inajua jambo jingine, na siku ya hatari mikono hufanya inalolijua.

Tuieleze mashine hii ilivyo, maana wengi wetu tunaiendesha au tunaipanda bila kuambiwa. Fikirini kigoda cha miguu mitatu, kile cha nyumbani kwa wazee. Kigoda hicho hakiyumbi hata ukikiweka mahali penye mawe, kwa sababu miguu mitatu daima hupata pa kukanyaga. Lakini mtu akikaa pembeni, katikati ya mguu na mguu, kinampindua. Cha miguu minne kingemvumilia. Tukutuku ni kigoda hicho. Ukichora mstari ardhini kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma kushoto, na mwingine mpaka la nyuma kulia, unapata pembetatu, pana nyuma na nyembamba mbele. Uzito wa chombo na mzigo wake ukibaki ndani ya pembetatu ile, mnakwenda salama. Ukitoka nje ya mstari, mnalala.

Sasa, ni nini huutoa uzito nje ya mstari? Kwanza ni kona. Kila kona hukusukuma upande wa nje, na nguvu ya kukusukuma haiongezeki kama watu wanavyodhani. Ukipita kona ile ile kwa kilomita 40 kwa saa badala ya 20, nguvu hiyo haiwi mara mbili, huwa mara nne. Kwa kilomita 30 ni zaidi ya mara mbili tayari. Kwa hiyo dereva anayesema "niliongeza kidogo tu" anasema kweli, na bado amepinduka.

Pili ni breki ndani ya kona. Unapofunga breki, uzito wote hukimbilia mbele. Na mbele ndiko pembetatu ilikokuwa nyembamba. Yaani wakati ule ule kona inapokusukuma nje, breki inauchukua uzito kutoka mahali papana inaupeleka mahali pembamba. Katika mteremko ni vibaya zaidi, maana mteremko nao umekwisha kuupeleka mbele. Kijana wetu wa shamba la magharibi alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye hofu angelifanya: alikanyaga breki. Angefundishwa, angejua kwamba breki ya tukutuku hufungwa kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka, na kwamba ndani ya kona mtu hupita polepole kwa mafuta yale yale, akaongeza pale barabara inaponyooka. Kulijua neno hili na kulizoesha mikono ni kazi ya asubuhi moja uwanjani. Asubuhi moja hakupewa.

Tatu ni mzigo wenyewe. Magunia ya majani mabichi si mazito kama mbolea, lakini ni marefu. Yanapangwa moja juu ya jingine mpaka kimo cha mtu, na kila unapopandisha mzigo juu ndivyo kona ndogo inavyotosha kuupindua. Mbolea nayo iko chini, lakini kilo zake hazionekani. Mifuko 10 ya kilo 50 ni kilo 500. Mtu huona mifuko 10 ni kidogo, bodi bado ina nafasi, akaongeza mitano. Kibao cha mtengenezaji kinachosema chombo kibebe kilo ngapi kipo, ila mara nyingi kimepakwa rangi au kimebanduliwa. Madereva, kitafuteni. Kisipopatikana, mjumbe amwombe mwajiri kitabu cha chombo.

Mzigo mzito usiwekwe mwishoni kabisa mwa bodi. Ukiwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, unaliinua gurudumu la mbele kama watoto wanavyopandishana kwenye ubao, na gurudumu la mbele ndilo linaloongoza. Mkipanda kilima utaona usukani umekuwa mwepesi mkononi. Wepesi huo si raha. Ni dalili kwamba hauongozi tena. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, chini, katikati, na ufungwe kwa kamba. Na wale wanaobeba dawa za kunyunyizia wajue kwamba pipa la lita 200 lililojaa nusu huyumba kuliko lililojaa kabisa. Maji kilo 100 hukimbilia upande wa nje katika kona bila kukuuliza. Bebeni limejaa kwa kiasi chombo kinachoruhusu, au madumu madogo yaliyofungwa vizuri.

Kuna jambo la barabara zetu ambalo madereva wa malori hawalijui, na ndio wanaofanywa wakubwa wa usafiri mashambani. Lori likikutana na shimo katikati ya njia, hulipita katikati ya magurudumu. Pikipiki hulikwepa pembeni. Tukutuku ina nyayo tatu: ukilikwepesha gurudumu la mbele, la nyuma linaingia. Barabara za marramu za mashambani, malori yamezichimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati wenye majani na mawe. Magurudumu yako ya nyuma yanashuka mferejini, la mbele linapanda mgongoni, na mgongo ule ukilowa mvua huteleza kama kamasi la bamia. Hakuna ujanja hapo ila mwendo wa mtu anayetembea. Mwajiri naye ana wajibu wa kupitisha greda. Barabara ya shamba ni sehemu ya kazi sawasawa na sakafu ya kiwanda.

Mengine tuyapitie upesi. Teremka kwa gia ile ambayo ungepandia kilima kile, wala usizime injini au kuachia gia ili kuokoa petroli. Breki zikikamatwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika, na petroli unayoiokoa si yako. Kilima kipande na kukishuka kwa kunyooka, usikikate kwa ubavu, wala usigeuze katikati yake. Upepo wa tairi mbili za nyuma uwe sawa. Usitoe mguu nje chombo kinapoinama, maana hutaweza kuizuia nusu tani kwa mguu mmoja. Usiku, taa moja ya mbele huwafanya wanaokuja wadhani ni pikipiki, wakakupitia karibu. Bandikeni vibandiko vya kung'aa pande zote mbili za bodi, mbele na nyuma, ili upana wenu uonekane. Na aliyekaa kwenye kiti cha pikipiki avae helmeti, hata ndani ya shamba.

Ndugu zetu wa viwandani wasidhani haya ni ya mashambani peke yake. Mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, fokolifti, nayo husimama juu ya pembetatu. Nyingine zina magurudumu matatu waziwazi. Hata nyingi za manne, ekseli yake ya nyuma imefungwa katikati kwa msumari mmoja ili icheze, kwa hiyo chombo husimama kana kwamba kina miguu mitatu. Dereva wa fokolifti hufundishwa pembetatu hiyo siku ya kwanza. Katika kiwanda kimoja tunachokijua, dereva wa ghala amepewa mafunzo, ana cheti ukutani, kibao cha uzito kiko mbele ya macho yake, na ni marufuku mtu kupanda juu ya mzigo. Anaendesha kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Nje ya lango la kiwanda hicho hicho, kijana wa tukutuku anaendesha pembetatu kwenye matope, kilimani, akiwa na watu juu ya magunia, na cheti chake ni ufunguo. Tumewauliza wakubwa sababu ya tofauti hii. Jibu tulilopata ni kwamba fokolifti ni ghali.

Jibu hilo tumeliweka akilini.

Wala si kweli kwamba dunia haijui habari za magurudumu matatu. Gari la kwanza la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na matatu, na baadaye watengenezaji wengi wa magari wakashika manne. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa kigari cha mizigo kilichoitwa Ape, yaani nyuki, kilichotokana na pikipiki yake ya Vespa. Kazi yake ilikuwa kubeba vitu vidogo mitaani, na kazi hiyo kiliifanya vizuri. Huko Marekani kulikuwa na pikipiki za mashambani zenye magurudumu matatu ya tairi nene laini. Wakulima walizipenda, na watoto wakazichezea. Watu waliumia na kufa kwa wingi, na watengenezaji walisema makosa ni ya waendeshaji. Serikali ikawapeleka mahakamani, na mwaka 1988 wakakubali kuacha kuziuza, na kuwapa mafunzo wanunuzi wa zile za magurudumu manne. Hatusemi tukutuku zetu zipigwe marufuku, maana si chombo kile kile na kazi yake tunaihitaji. Twasema kwamba hata kwa matajiri ilibidi ifike siku umbo la chombo likaulizwa, si dereva tu.

Sasa tuje kwa watu waliopandishwa juu ya magunia. Mtu mmoja mwenye kilo 60 si mzigo sawa na gunia la kilo 60. Gunia limelala, mtu amekaa juu ya gunia. Watu 8 ni kilo 480, na wamekaa mahali pa juu kuliko pote. Chombo kikiinama, wote hushtuka na kujitupa upande mmoja. Tena hawana pa kushika. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasema mitambo ya kilimo itumiwe kwa kazi iliyotengenezewa, isibebe watu isipokuwa imetengenezwa au kurekebishwa kwa kubeba watu, na iendeshwe na waliofundishwa. Mkataba huu hata pale usiporidhiwa na nchi twaweza kuuweka mezani tunapofanya mapatano na mwajiri. Na tangu Juni 2022, mkutano mkuu wa Shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za wafanyakazi, ambazo nchi wanachama zote zinatakiwa kuziheshimu hata kama hazijaridhia mikataba yenyewe.

Twajua jibu la akina mama wachumaji, maana wametuambia usoni. Wanasema: "Nyinyi mna ofisi. Sisi tumesimama tangu alfajiri na kikapu mgongoni, mwingine ana mtoto. Mkituzuia kupanda tukutuku, mtatubeba nyinyi?" Ni neno la haki. Kwa hiyo hatusemi watembee. Twasema mwajiri alete gari la watu, lenye viti na mahali pa kushika, au tela la trekta lililowekewa mabenchi na kuta. Shamba linaloweza kupeleka majani kiwandani yasinyauke njiani haliwezi kushindwa kuwapeleka kambini waliyoyachuma. Mpaka litakapokuja, safari ya watu iwe safari ya watu na ya mzigo iwe ya mzigo. Wakae chini kwenye sakafu ya bodi, wachache, na mwendo uwe wa pole. Hilo nalo si halali kamili, tunalikubali kwa shingo upande, lakini ni afadhali kuliko juu ya magunia.

Linalotupa taabu zaidi ni malipo kwa safari. Katika mashamba mengi dereva wa tukutuku halipwi kwa siku, hulipwa kwa kila safari au kwa kila kilo aliyofikisha. Kwa hiyo kila kona aliyoipunguzia mwendo imemla mfukoni. Kila gunia aliloliacha chini limemla mfukoni. Mvua ikinyesha na barabara ikaharibika, anaambiwa aende polepole kwa hasara yake mwenyewe, na nyapara anasimama mizanini akimwuliza mbona majani yamechelewa. Halafu akipinduka anaitwa mzembe. Anayelipwa hivyo amekwisha kuambiwa akimbie, hata kama ukutani pameandikwa "Usalama Kwanza".

Madereva wengine wametukasirikia kwa kusema hivi. Wanasema kwa safari wanapata zaidi kuliko mshahara wa siku, na kwamba chama kinataka kuwapunguzia. Ndugu zetu, hatukatai kwamba mnapata zaidi. Mnapata zaidi mpaka siku ile. Tulimtembelea kijana wa plasta kwao. Safari zake zote za miezi ile, na zile za mbio, zilikuwa zimekwisha katika hospitali kabla mguu haujapona. Tunachotaka si mshahara mdogo wa siku. Tunataka mshahara wa siku wa dereva, si wa kibarua wa jembe, kwa maana dereva ameshika roho za watu. Mkitusaidia kuudai, tutaupata. Mkikaa upande wa nyapara kwa ajili ya safari mbili za ziada, hatutaupata, na mtaendelea kufukuzwa mmoja mmoja.

Kuhusu fidia, wengi hawaijui sheria, na wanaoijua hawana haraka ya kuisoma mbele yenu. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa kwa aliyeumia kazini hata kama kuumia kwake kulitokana na uzembe wake mwenyewe. Kwa hiyo maneno "uzembe wa dereva" yanaweza kumfukuzisha mtu kazi, lakini hayamnyimi fidia, wala hayawanyimi waliokuwa juu ya magunia. Sheria hiyo pia inamhesabu kuwa yuko kazini yule anayeumia akiwa safarini moja kwa moja kwenda au kutoka kazini. Safari ya jioni kwenda kambini imo. Lakini taarifa ya ajali lazima apewe mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Msingoje mpaka plasta itolewe. Mjumbe wa tawi aandike taarifa siku ile ile, awe na nakala, na kama mwajiri hajibu, shauri liende kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Na anayeamriwa kuendesha chombo chenye breki mbovu au mzigo uliozidi, aweza kukataa. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika lile lile unasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa kuwa ana sababu ya haki ya kuamini kwamba ina hatari ya karibu na kubwa kwa maisha au afya yake, asiadhibiwe. Twajua kukataa peke yako mbele ya nyapara ni jambo zito. Ndiyo sababu twataka likataliwe na madereva wote wa shamba kwa pamoja, mjumbe akiwapo, na sababu iandikwe: breki ya nyuma haishiki, au mifuko ni 16. Aliyeandika sababu haitwi mkaidi kwa urahisi.

Shauri la kijana wa shamba la magharibi tumelifungua upya. Tumeandika barua kwa mwajiri kusema kwamba sahihi yetu katika karatasi ile ilitolewa bila kuuliza yaliyopasa kuulizwa, na kwamba tunaiondoa. Haikuwa barua rahisi kuandika, na wengine katika kamati yetu waliipinga, wakasema chama kitaonekana dhaifu. Nakala iko kwa afisa wa kazi. Yule mama wa nyonga bado anatembea kwa fimbo. Madai yake na ya mwenzake wa mkono yako katika faili hilo hilo.

Mapatano mapya na waajiri wa chai yatakuja baada ya msimu huu, na hatutaki kuingia mle na maneno matupu. Kila kituo cha kupokea majani kina mizani. Kuanzia wiki hii wajumbe wa matawi wapime mzigo wa tukutuku unaposhushwa, gunia kwa gunia, wajumlishe, na waandike katika daftari la tawi: tarehe, kilo, watu wangapi walikuwa juu, na kama kibao cha mtengenezaji kinaonekana na kinasema nini. Jina la dereva lisiandikwe. Madaftari yaletwe ofisini kila mwisho wa mwezi, na ambaye tawi lake halina daftari atume habari, tutampelekea.